Sauti ya Kazini

Jumapili soko la Kibuye halina mahali pa kuweka mguu. Nakhumicha, ndani ya rinda lake la kitenge cha manjano, alikuwa akichagua blauzi za mitumba wakati mwanamke mmoja alipopiga yowe kando yake. Binti yake mdogo alikuwa amepotea.

Nakhumicha hakusubiri kuombwa. Kazi yake ilikuwa kupokea simu za dharura katika chumba cha mawasiliano cha polisi, na mwili ulikwishazoea. Sauti yake ikashuka, ikawa laini na ya polepole.

"Mama, nakusikia. Niko na wewe. Mtoto amevaa nini?"

"Sweta nyekundu! Alikuwa hapa tu, kwa hizi nguo!"

"Sawa. Vuta pumzi. Tunaanza hapa hapa."

Wakamkuta mtoto nyuma ya marobota, amelala fofofo. Nakhumicha alipogeuka, kijana mrefu mwenye ovaroli ya buluu alikuwa amemkodolea macho.

"Ni wewe," kijana akasema. "Ile ajali ya bodaboda pale Mamboleo, mimi ndiye nilipiga simu. Uliniambia hivyo hivyo, nakusikia, niko na wewe. Hiyo sauti nimeitafuta, madam, mpaka nimechoka."

"Yule wa bodaboda alipona?"

"Alipona. Mimi ndio bado."

Jina lake Ondiek, fundi wa friji, mwenyeji wa Sondu, na karakana yake iko Mamboleo. Damu zao zikapatana pale pale. Lakini Nakhumicha alirudi nyumbani na wasiwasi, maana ile sauti haikuwa yake. Ilikuwa ya kazini, kama yunifomu. Sauti yake mwenyewe ni ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya mto. Akicheka kwake Migosi, wapangaji wa ghorofa ya juu hucheka pia bila kujua wanacheka nini. Mchumba wake wa kwanza alimwacha kwa sababu hiyo hiyo, akidai anamtia aibu mbele za watu. Safari hii hakutaka kuachwa.

Basi kila alipokutana na Ondiek aliivaa ile sauti. Walikula samaki Dunga, Ondiek akatoa vichekesho vyake vyote, naye akajikaza kisabuni, akatabasamu na kusema, "Hiyo ni nzuri." Akifika nyumbani, anafunga mlango na kucheka mpaka machozi.

"Unamdanganya huyo mtu," Rachael, mwenzake wa zamu, alimwambia. "Ukicheka hapa, maaskari wa doria wanauliza kwa redio kama tuko na sherehe."

"Rachael, alipenda ile sauti. Nikimwonyesha hii nyingine ataenda."

"Na ukiolewa? Utaongea hivyo mpaka uzeeke?"

Nakhumicha akageukia simu iliyokuwa ikilia.

Siku moja mchana, akiwa nje anakula, simu yake ikalia.

"Jaber wangu, mrembo wangu!" Ondiek alikuwa anahema kwa furaha. "Kaa vizuri. Mama anataka kukuona. Jumamosi, Sondu. Anapika mwenyewe!"

Moyo wa Nakhumicha ukaruka. Vigelegele vilikuwa tayari vimefika kooni. Akavimeza kwa nguvu, akashika sauti ya kwanza iliyomjia.

"Nimekuelewa. Kaa hapo ulipo. Nitakupigia."

"Nikae hapa nilipo?" Ondiek akauliza. "Nakwambia mama yangu anakuita, unanijibu kama nimeibiwa? Nakhumicha, wewe hunipendi. Wewe unanihudumia."

Akakata simu. Siku hiyo hakupiga tena, wala kesho yake, wala wiki nzima. Nakhumicha akipiga, haipokelewi. Kazini alituma magari ya polisi kila kona ya mji, akatuliza kila aliyelia, kisha akaenda msalani akalia mwenyewe. Alimpenda Ondiek. Alimpenda mno, na sasa alikuwa anampoteza kwa sauti ya chini kama alivyompoteza yule mwingine kwa sauti ya juu.

Alhamisi, zamu ya asubuhi ilipokwisha, alikwenda Mamboleo akiwa bado na sare yake. Ondiek alikuwa ameinama juu ya friji iliyofunguliwa, simu yake imelala juu ya meza, spika imewashwa. Akainua kichwa.

"Karibu, madam. Kuna shida?"

Hiyo "madam" ndiyo iliyofanya uvumilivu ukatike.

"Shida ni wewe!" Nakhumicha akapasuka, na wauza ndizi wa ng'ambo ya barabara wakageuka. "Wiki nzima nakupigia hushiki! Unafikiri mimi ni jiwe? Hii ndiyo sauti yangu, Ondiek! Hii! Ile nyingine ni ya serikali! Niliogopa utanikimbia kama yule wa kwanza, ndio nikawa nacheka peke yangu nyumbani kama mwendawazimu! Nakupenda, na kama hii sauti inakuudhi, sema sasa nijue, nirudi Migosi!"

Ondiek alibaki na bisibisi mkononi. Nakhumicha akaona amemaliza kila kitu kwa kinywa chake mwenyewe. Ndipo simu pale mezani ikakohoa.

"Ondi," sauti ya mwanamke mzee ikasema, "nani huyo anakuchapa?"

"Hakuna anayenichapa, Mama. Ni Nakhumicha."

"Yule wa polisi? Si ulisema ni mpole, haongei?"

"Nilidanganywa, Mama." Ondiek alikuwa anacheka sasa, macho yamemlowa. "Miezi yote hii nilikuwa natembea na ofisi. Leo ndio nimepata mtu."

"Basi muulize kama atakuja Jumamosi hii."

Ondiek akaweka bisibisi chini, akajifuta mikono kwenye ovaroli na kumshika Nakhumicha vidole.

"Mama anauliza kama utakuja," akasema. "Mimi nauliza kama utakaa."

"Nitakaa!" Nakhumicha akapaza sauti, na wauza ndizi wakapiga makofi.

"Nimesikia," mama akasema kutoka Sondu. "Sasa mkate simu, ugali wangu unaungua."