Kumi Kati ya Mia

Msimu wa kupulizia mikorosho, mwaka 2008, Severini alikatiza soko la Nachingwea na kiroba cha salfa begani bila kujua kimetoboka. Unga wa njano ukamwagikia kitambaa cheupe mezani kwa Felomena, fundi cherehani mwenye blauzi ya zambarau na ulimi usiolala.

"Kaka, hiki cha bibi harusi, siyo mkorosho."

"Nisamehe dada'angu, nitakilipa. Bibi harusi mwenyewe ndiye wewe?"

"Siyo mimi, kama hilo ndilo unalotaka kujua."

Ndilo hasa. Severini alilipa, akaomba namba ya simu, na kuanzia hapo kila jioni alipanda kichuguu nyuma ya nyumba yao kule Mbekenyera, wilayani Ruangwa, mahali pekee penye mtandao.

"Mpenzi, umekula?"

"Nimekula. Uko kichuguuni?"

"Niko. Siafu wananimaliza kwa ajili yako."

"Waambie wanibakishie."

Mapenzi yakanoga. Severini aliahidi kuwa korosho zikishauzwa mjomba wake ataleta posa, maana kwa Wamwera mjomba ndiye mwenye kauli.

Ghafla simu zikakoma. Felomena akipiga, hapatikani. Mwisho ukaja ujumbe: "Mjomba haji. Tafuta mwingine, nisamehe." Alilia mpaka akashona mkono wa shati mahali pa kola. Moyoni alishakata shauri kwamba kuna mwanamke huko Ruangwa, basi kesho yake akavaa gauni lake la bluu, akapaka mafuta ya mdomo na kupanda basi dogo, akamwone huyo aliyemzidi.

Alimkuta Severini peke yake chini ya mikorosho iliyochanua, amekonda.

"Yuko wapi?"

"Nani?"

"Mwanamke wako."

"Hakuna mwanamke, Felo. Ni figo."

Miguu ilikuwa imemvimba, akaenda hospitali. Daktari alimpima presha, damu na mkojo, akaangalia na umri wake, kisha akamweleza kwamba kati ya watu mia wenye majibu kama yake, kumi figo zao hushindwa kabisa ndani ya miaka mitano.

"Kusafishwa damu mpaka Dar es Salaam," alisema Severini. "Sitaki nikuache mjane hata jina langu hujalizoea."

"Na wale tisini?"

"Wamefanyaje?"

"Daktari alikwambia wewe ni wa wale kumi?"

"Hakusema."

"Basi umejiandikisha mwenyewe." Felomena akashika tawi lenye maua. "Mkorosho ukiuona unaweza kushikwa na ugonjwa wa ubwiri, unaukata?"

"Aa, unaupulizia mapema."

"Wewe je? Nani akupulizie?"

Severini alicheka, na machozi yakamtoka humohumo kwenye kicheko. Alikuwa amemkumbuka mno huyu mwanamke.

Walikwenda hospitali pamoja. Felomena ndiye aliyeuliza kama kumi wale wanaweza kupungua.

"Wanaweza," daktari alijibu. "Hesabu ile siyo hukumu. Inanionyesha nani nimfuatilie kwa karibu. Presha ishuke, chumvi apunguze, arudi kupimwa. Dawa za maumivu za dukani anameza?"

Severini akainamisha kichwa. Kila msimu, mashine ya salfa ikimvunja mgongo, alizimeza kama karanga.

"Aache leo," alisema daktari.

"Ataacha," alijibu Felomena.

Korosho zilipouzwa, presha ilikuwa imeshuka na uvimbe umekwisha. Jioni moja simu ya Felomena ikalia.

"Mpenzi, niko kichuguuni. Mjomba anakuja Jumapili." Severini akashusha sauti. "Lakini nikiangukia kwa wale kumi?"

"Utaangukia ukiwa mume wangu. Mwambie mjomba awahi. Na kile kitambaa chako ninacho, doa liligoma kutoka."

"Utakifanyia nini?"

"Nilishakikata. Kwa kipimo changu, wiki ileile uliyokimwagia salfa."

Siafu walikuwa wamemfika Severini magotini, na hakuwa na habari nao.