Nati za Upande wa Kushoto

"Shuka kwenye hilo bomba, Nikodemo. Utavunjika mguu kabla ya harusi."

"Nikishuka nani atafungua? Kabichi?"

Klara akacheka. Alikuwa amekaa juu ya jiwe kando ya barabara, mkoba magotini, anamtazama mchumba wake akihangaika. Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, mwaka 1974, chini kidogo ya Soni. Lori la kijiji lilikuwa limepata pancha, tairi la nyuma kushoto, na mgongoni lina magunia ya kabichi yanayosubiriwa Mombo. Jumamosi ya wiki hiyo hiyo hawa wawili walikuwa wafunge ndoa katika kanisa la Kilutheri kijijini kwao, juu ya Lushoto. Klara alikuwa ameomba lifti akatafute sukari ya harusi, maana huko juu sukari ilikuwa imeadimika hata ukipanga foleni tangu alfajiri.

Nikodemo alikuwa amechomeka kipande cha bomba kwenye mpini wa spana ili apate nguvu, akapanda juu yake kwa miguu yote miwili, akawa anaruka. Nati haikutikisika. Alikuwa ameshaimwagia mafuta ya taa, ameshaigonga kwa nyundo, ameshaitukana kwa Kishambaa na kwa Kiswahili. Nati nane, na hakuna hata moja iliyomsikiliza.

"Zimeshika kutu hizi."

"Unazungushia wapi?"

"Kushoto. Kwani nati inafunguliwa wapi, mwalimu wa kisomo?"

"Basi unazidi kuzikaza. Malori haya, nati za magurudumu ya kushoto zina meno ya kinyume. Unazungusha kulia ndiyo zinafunguka. Baba alinionyesha nikiwa darasa la tatu."

"Mwanamke na nati, wapi na wapi."

"Jaribu. Isipofunguka, kabichi nitazibeba mimi kichwani mpaka Mombo."

Nikodemo akashuka, akageuza spana, akasukuma kwa mikono tu. Nati ikalia mara moja, kisha ikalegea. Akahamia ya pili, ikalegea. Ya tatu nayo vivyo hivyo. Klara akapiga makofi, akaanza kumtania kwamba Jumamosi mchungaji amuulize bwana harusi kushoto ni wapi na kulia ni wapi. Alitania peke yake. Nikodemo alikuwa ameacha kazi, amekaa kitako kwenye tope na suruali yake ya khaki.

"Nikodemo? Umeumia?"

"Hapana."

"Mbona umekaa kwenye tope?"

"Klara, lori hili si ndilo lile la ushirika?"

"Ndilo. Walilipaka rangi tu wakakipa kijiji. Kwani vipi?"

Hapa lazima nikueleze, la sivyo hutaelewa kwa nini kijana mzima alikuwa amekaa kwenye tope.

Miaka mitatu nyuma, fundi wa lori hilo alikuwa Mzee Kornelio, baba yake Klara. Asubuhi moja alifunga tairi la nyuma kushoto, lori likaondoka, dereva Athumani, utingo Nikodemo, wakati huo ana miaka kumi na tisa. Kona mbili chini ya Soni tairi likachomoka, lori likalala mtaroni. Athumani alivunjika nyonga, na mpaka leo anatembea kwa mkongojo. Kikao kikaitwa. Nikodemo akaulizwa, naye akaapa kwamba alizikagua nati pale Soni, akazikuta zinazunguka, akazikaza mwenyewe. Ikaamuliwa kwamba Kornelio alizifunga ovyo kwa sababu ya pombe, hata kukazwa tena hakukusaidia. Akafukuzwa. Tangu hapo anaponda kokoto za barabara, na watu wakimwona wanamwita Mzee Nati.

"Siku ile nilizikaza," Nikodemo akasema.

"Najua. Ulisema kwenye kikao."

"Athumani alikuwa ananipigia honi tuondoke. Nikazipa nusu mzunguko kila moja."

Klara akainuka kwenye lile jiwe.

"Ulizungushia wapi?"

Nikodemo aliinua mkono, akaukunja kama ameshika spana, akauzungusha hewani taratibu. Kulia.

Gari lilipita likielekea Lushoto, dereva akawapungia mkono, Klara hata hakumwona.

"Ulizifungua," akasema.

"Sikujua."

"Ulizifungua zote nane. Halafu ukaenda kuapa kwamba ni baba yangu."

"Sikujua, Klara, haki ya Mungu. Baada ya ajali nikapelekwa kwenye gari dogo la ofisi. Hili nimepewa mwezi jana, na pancha ya kushoto ndiyo kwanza hii."

Alimwamini. Hilo ndilo lilimuuma zaidi, kwamba alimwamini kabisa na bado alitamani kumpiga. Walibadilisha tairi, Klara akimwelekeza kwa kidole mkono uzungukie wapi. Walipopanda na gari likaanza kushuka, Nikodemo akakohoa.

"Nimefikiri, Klara. Tufunge ndoa kwanza. Haya mengine nitasema baadaye."

"Baadaye lini?"

"Baada ya Jumamosi. Nikisema leo watanipokonya gari, pengine wanifunge. Na wageni wameshaalikwa. Unataka tuaibike?"

Klara alimgeukia akamtazama kama mtu aliyepanda gari si lake.

"Lile la Soni hukujua, Nikodemo. Hili unajua."

"Mpenzi, nisikilize."

"Simamisha gari."

Akashuka. Sukari hakuinunua. Alipanda mlima kwa miguu mpaka Soni, akapata basi, akafika nyumbani jua limeanza kupoa. Baba yake alikuwa kibarazani ananawa vumbi la kokoto.

"Shikamoo baba."

"Marahaba, mwanangu. Sukari iko wapi?"

Akamweleza yote, kuanzia pancha mpaka mkono uliozunguka hewani. Mzee akaendelea kunawa miguu.

"Baba, umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Mbona hushtuki?"

Mzee akajimwagia maji ya mwisho, akaweka kata chini.

"Nilijua siku ile ile ya kikao. Alipotamka tu kwamba zilizunguka. Nati nilizokaza mimi hazizunguki, labda uzifungue."

Klara akakaa kizingitini. Kwa siku moja hiyo ilikuwa mara ya pili kuambiwa kwamba dunia aliyokuwa akiishi haikuwapo.

"Miaka mitatu, baba? Ulijua, ukanyamaza?"

"Nilikuwa nimekunywa usiku wa kuamkia siku ile, kijiji kizima kiliniona. Mlevi amsingizie mtoto wa watu, nani angenisikiliza? Halafu spana nilimpa mimi. Nikamwambia njiani akague nati. Upande sikumwambia."

"Na mama? Mama alikufa akikubembeleza utubu. Nilikuwepo. Alikushika mkono akasema, Kornelio, ungama tu kwamba ulilewa."

"Hapo usiniguse, Klara."

"Nitakugusa. Halafu Nikodemo akaleta barua ya posa, ukaipokea kwa mikono miwili."

"Ulikuwa unacheka," mzee akasema. "Tangu mama yako afariki ulikuwa hucheki. Nikasema, kama ni huyu anayemchekesha, basi ni huyu. Ningefanyaje?"

Klara alilia kwa uchungu na kwa hasira pia. Wanaume wawili aliowapenda kuliko watu wote walikuwa wamemchagulia cha kujua na cha kutojua. Akamwambia baba yake kwamba asubuhi anakwenda kwa mwenyekiti wa kijiji, harusi iwepo isiwepo.

Asubuhi hakuwahi hata kumaliza chai. Athumani aliingia uani na mkongojo wake, jasho linamtoka, akampa karatasi iliyokunjwa mara nne. Klara akaifungua, akasoma.

"Klara, najua utataka kwenda kwa mwenyekiti. Usiende. Nimeshakwenda mimi. Kikao ni saa tisa. Tafadhali mlete mzee. Nikodemo."

"Alikuja kwangu kabla hata sijaswali," Athumani akasema. "Amelia mpaka nikamhurumia, mimi niliyevunjika." Akamgeukia Kornelio. "Na ile honi nilipiga mimi, ndugu yangu. Nilimharakisha. Unisamehe na mimi."

Saa tisa uwanja wa ofisi ya kijiji ulikuwa umejaa. Nikodemo alisimama mbele bila kofia. Hakuzunguka mbuyu.

"Ndugu mwenyekiti, ndugu wananchi. Fundi Kornelio alizikaza. Mimi nilizifungua nikidhani nakaza, halafu nikaja hapa hapa nikaapa. Jana nilipojua, nilitaka kuficha mpaka nioe. Hilo nalo nimelileta."

Watu walipigwa na bumbuwazi. Mwanamke mmoja aliyezoea kumwita mzee kwa lile jina la nati alijifunika uso kwa khanga. Mwenyekiti akapokea ufunguo wa gari kutoka kwa Nikodemo, kisha akainuka, akamwendea Kornelio mahali alipokaa nyuma ya wote, akamwomba radhi mbele ya kijiji.

Kikao kilipovunjika Nikodemo alimfuata Klara njiani, akibaki hatua mbili nyuma yake.

"Gari wamenipokonya."

"Nimeona."

"Nimeomba nikaponde kokoto mpaka waamue."

"Sawa."

"Na Jumamosi je, Klara?"

"Umewaambia wote. Kuna mmoja bado hujamwambia."

Alikata njia ya nyuma ya kanisa, na Nikodemo akaelewa wanakokwenda. Walipofika kwenye kaburi la mama yake Klara, Nikodemo alisimama mikono nyuma kama anavyosimama kijana mbele ya mama mkwe.

"Shikamoo, mama," akasema. "Ni mimi Nikodemo. Mzee hakulewa kazini. Alizikaza. Nilizifungua mimi."

Kisha akapiga magoti akalia, na Klara akamwacha alie. Yeye mwenyewe alifuta macho kwa upindo wa kitenge, mara nyingi.

"Bado nina hasira na wewe," akamwambia walipoinuka.

"Najua."

"Nitakuwa nayo muda mrefu. Hata nikishakuwa mkeo."

Nikodemo akamtazama, akiogopa kuuliza kama amesikia vizuri.

"Ibada ni saa nne," Klara akasema. "Usichelewe."