Gharama ya Kumhamisha Mwenyeji

Jumamosi ile ilianza vizuri. Mke wa Punguza alikuwa anaanika nguo uani, mama yake mzazi amekaa kibarazani anachambua maharage, na Siafu anaruka kamba chini ya mkuyu. Siafu alikuwa mtoto wao wa pekee, mwenye miaka saba. Jina lake la kwenye cheti halikuwa na mtumiaji. Aliitwa Siafu kwa sababu hata akilala miguu yake haikutulia. Basi kamba ikamponyoka, akaikimbilia. Pale alipotoka likaanguka tawi nene kuliko kiuno cha baba yake, na hapakuwa na upepo wowote.

Punguza alitoka ndani na mswaki mdomoni. Alimkagua binti yake kichwa, mikono, miguu, akamkumbatia mpaka mtoto akalalamika kwamba anabanwa. Kwa hilo tusimwonee: alimpenda yule mtoto kuliko duka lake, na duka lake alilipenda sana. Akautazama mkuyu, akaitazama mizizi yake iliyokwisha kupasua ukuta wa chumba cha Siafu, akamwambia mkewe, "Huu mti unaondoka wiki hii."

Shida ikawa bei. Jina la Punguza alipewa na mtaa mzima. Dukani kwake aliuza misumari, rangi na mabomba, na mteja hakushushiwa hata senti. Lakini akienda yeye kununua, muuzaji alirudi kwake na kichwa kinamuuma. Siku ya ndoa yake alimtaka mpiga picha apunguze bei kwa kuwa bibi harusi alifumba macho kwenye picha mbili. Kwa ajili ya mkuyu aliita kwanza watu wa kampuni, wenye kofia ngumu na gari la ngazi. Walipotaja bei aliwauliza kama wanakata mti au wananunua kiwanja. Waliondoka bila hata kunywa maji.

Mkata miti alikuja kesho yake, peke yake, na hakuna aliyemwita. Alikuwa mtu mrefu, msumeno begani, kamba kiunoni, vumbi la mbao limemkaa kwenye nyusi. Hakutazama juu kama wale wengine. Aliuzunguka mkuyu taratibu, kisha akabisha kwenye shina kwa kifundo cha kidole, kama mtu anayebisha mlango wa jirani. Akaweka sikio. Akangoja. Halafu akaitikia kwa kichwa.

Mama mkwe aliacha kuchambua maharage.

"Haya fundi, nitajie," Punguza alisema. "Lakini nitajie bei ya binadamu."

Fundi alihesabu kwa vidole. Kupanda na kukata. Kushusha matawi kwa kamba yasivunje paa. Kubeba magogo. Kung'oa kisiki. Kila kimoja alikitajia bei nafuu, na huo unafuu ndio uliomtia Punguza moyo. Mtu anayeanzia chini, aliwaza, bado ana nafasi ya kushuka.

"Kubeba, toa. Magogo nitauza mwenyewe."

"Sawa."

"Kisiki nacho toa. Tutaweka chungu cha maua juu yake."

"Sawa. Halafu kuna cha mwisho." Fundi alishusha sauti. "Kumhamisha mwenyeji."

"Mwenyeji gani?"

"Wa humu."

Akataja bei yake. Ilizidi vingine vyote ukivijumlisha. Punguza alicheka mpaka akaegemea ukuta. Ujanja wa mafundi aliujua wote, wa saruji kupungua njiani, wa vifaa kupanda bei jana jioni, lakini huu ulikuwa mpya.

"Hicho mlipe, mwanangu," mama mkwe alinong'ona kutoka kibarazani.

"Mama, hawa watu nawajua. Fundi, hiyo toa. Huyo mwenyeji wako ni mtu mzima, atajitafutia pa kukaa."

"Umesema nitoe?"

"Toa."

Fundi alimwangalia mke, akamwangalia mama mkwe, kama anayehakikisha kwamba wamesikia. Kisha akaanza kufunga kamba.

Mkuyu ule ulizaa kila mwaka, na kila mwaka matunda yalioza chini. Siku ile, matawi yaliposhuka moja baada ya jingine, ndipo walipogundua kwamba hapakuwa na kiota hata kimoja. Hakuna aliyekumbuka kumwona ndege akitua pale. Alasiri shina likalala. Ndani lilikuwa tupu, na utupu wenyewe ulikuwa na umbo. Kichwa. Mabega. Mgongo. Mtu aliyesimama wima. Punguza aliingiza mkono. Palikuwa laini, na palikuwa na joto, kama kiti ambacho mtu ameinuka sasa hivi.

Fundi hakuchungulia. Alikusanya vyombo vyake huku anatembea, na hata pesa alizipokea huku anapiga hatua.

"Asisimame mtu kimya kwenye ua huu," alisema. "Tembeeni, kaeni, laleni mkitaka. Yeye hutafuta kilichosimama."

"Na mtoto?" mke aliuliza.

Wote wakageuka. Siafu alikuwa anaruka kutoka gogo hadi gogo, nywele zimejaa majani.

"Huyo?" Punguza alisema. "Huyo hata umlipe hasimami."

Wakacheka, hata mama mkwe.

Jumatatu ikaja mteja wa kuni, mama mmoja mwenye mkokoteni na ulimi mkali, na kwa mara ya kwanza Punguza alikutana na saizi yake. Amri ya fundi waliishika, kwa sababu mkewe aliisimamia: Punguza alikaa juu ya gogo, mama wa kuni juu ya jingine, wakavutana. Siafu aliwazunguka. Alimvuta baba yake shati. Alimpandia mgongoni.

"Baba, niangalie. Baba, hujaniangalia."

Bei ilikuwa imefika karibu kabisa na pale alipopataka. Punguza alimkata jicho, akanyoosha kidole kando ya kisiki.

"Simama hapo. Usitikisike mpaka nimalize."

Siafu alimpenda baba yake. Akasimama.

Walivutana muda mrefu. Mama wa kuni aliinuka aende zake, akarudishwa. Akainuka tena, akarudishwa tena. Mwishowe Punguza alipata alichokitaka na kidogo cha juu. Aligeuka akiwa na tabasamu la mtu aliyeshinda.

"Haya, nenda kacheze."

Hakwenda.

"Siafu. Nimemaliza."

Mtoto alisimama wima, mikono imeinuka pembeni, viganja vimetazama juu. Macho yalikuwa wazi. Jua lilikuwa utosini, wakati ambapo kivuli cha mtu hujikunja miguuni. Kivuli cha Siafu kilifunika kisiki. Kilifunika magogo. Kilimfunika mama wa kuni na mkokoteni wake. Na kilikuwa kinacheza, kwa sababu kilikuwa na majani.

Mama wa kuni aliacha mkokoteni wake palepale na hakurudi kuuchukua.

Walimbeba ndani. Wakimlaza, aliinuka. Wakifunga mlango, alisimama nyuma yake akielekea uani. Daktari alimpima damu, macho na kichwa, akasema mtoto ni mzima kabisa. Chakula hakugusa. Lakini mama yake alipomsimamisha kwenye beseni amwogeshe, maji yalipungua taratibu, yakaisha, na nyayo za mtoto zikakwaruza beseni zikitafuta mengine. Nyumba ikawa kimya. Ule ukimya ndio uliomvunja moyo mama yake. Miaka saba alikuwa ameomba dakika moja ya utulivu, sasa anao wote. Alikaa sakafuni akalia bila kujificha, akamwambia mumewe, "Umemuuza mwanangu kwa bei ya kuni."

Punguza alivaa viatu akatoka. Alifunga duka, akazunguka mitaa mpaka akamkuta mkata miti kwenye ua wa watu wengine, ameweka sikio kwenye shina.

"Bei yoyote," Punguza alimwambia. Maneno hayo yalikuwa hayajawahi kutoka kinywani mwake.

Fundi alikuja. Siafu alikuwa uani, kando ya kisiki. Fundi akabisha katikati ya mabega ya mtoto, polepole, kwa kifundo cha kidole. Ndani ya kifua kile kidogo kitu kikagonga kujibu.

"Amepapenda," fundi alinong'ona. "Sasa hahami kwa pesa. Anahama kwa mtu. Mwingine asimame badala yake, na mwenye nyumba amtaje."

"Mimi," mke alisema papo hapo.

Fundi alimtazama Punguza. Punguza naye alimtazama mkewe, ambaye bado alikuwa na nguvu, na ambaye alijua hesabu za duka kuliko yeye. Akatazama mikono yake mwenyewe. Aliogopa, na woga wake ulionekana. Kisha macho yake yakaenda kibarazani.

"Na akiwa mzee?" aliuliza kwa sauti ndogo. "Si anafaa pia?"

"Anafaa. Lakini mzee hadumu. Akifa, mwenyeji anatoka tena."

"Hiyo tutaiona mbele ya safari."

Mkewe alimgeukia asiamini alichosikia. Lakini mama mkwe alikuwa amekwisha kuinuka. Aliweka ungo wake chini, akajifunga nguo vizuri, akatembea mpaka kwenye kisiki. Alipompita mkwewe hakusimama.

"Umenipatia bei nzuri, mwanangu?"

Punguza alitazama chini. Aliposikia kishindo akainua macho: Siafu ameanguka, anapangusa magoti, anatafuta kamba yake.

"Baba," alisema, "umemaliza?"

Bibi alisimama pale juani na mvuani. Walijaribu kumweka kwenye kiti, hakukunjika. Walimjengea turubai, akalitoboa kwa vidole. Kila asubuhi binti yake alimmwagilia maji miguuni, akimwomba radhi, na kila asubuhi maji yalizama kabla hayajatapakaa. Kiangazi kikawa kirefu. Siku moja maji yakabaki juu ya udongo, wakajua amekufa.

Mikono yake ilikataa kushuka. Seremala akalazimika kutengeneza jeneza pana, lenye mbao nyingi kuliko la kawaida.

Siku ya mazishi mke wa Punguza alitandika mikeka ua mzima. "Kaeni, jamani," aliwaambia waombolezaji getini, mmoja mmoja. "Msisimame. Kaeni." Watu walidhani ni uchungu unamfanya vile, wakakaa. Waliobeba jeneza walitoka nalo moja kwa moja bila kupumzika, na walipozika wakarudi, wakakaa pia. Punguza alikaa katikati yao, miguu anaitikisa bila kukoma.

Ndipo akaingia seremala kudai pesa ya mbao alizoongeza.

Punguza akainuka.

"Hizo za kuongeza mimi sikukuagiza," alisema. "Toa hizo."

"Mzee, maiti haikuingia."

"Basi toa misumari. Misumari ilitoka dukani kwangu."

Mkewe alikuwa mkekani, Siafu amempakata, amembana kifuani. Alimwona mumewe amesimama. Aliona miguu yake imeacha kutikisika. Neno lilikuwa moja tu, fupi, na alikuwa ameligawa kwa kila mgeni siku ile. Kaa. Lilifika mdomoni. Alimtazama mume aliyemtoa mama yake kama mtu anayetoa chenji, na akalimeza.

"Punguza basi kid..." Punguza alisema.

Hakumaliza. Seremala alingoja. Baada ya muda akahisi ubaridi wa kivuli umempanda miguuni, umempita, unaelekea kwenye mikeka.

Mkata miti alikuja kesho yake bila kuitwa. Alibisha kwenye mgongo wa Punguza, akasikiliza, akaitikia kwa kichwa. Kisha akamhesabia mke kwa vidole. Kukata. Kubeba. Kung'oa kisiki, kile cha zamani na hiki. Mke alilipa palepale, bei ileile aliyotajiwa.

"Na kumhamisha mwenyeji?"

Mwili mzima wa Punguza ulibaki na macho tu. Macho yakatoka kwa fundi, yakaenda kwa mkewe, yakajaa machozi.

"Hiyo toa," mke alisema. "Sisi tunahama leo."

Siafu alikuwa ametangulia getini na kamba yake. Walipofika barabarani msumeno ukaanza.

"Mama, wanakata nini?"

"Mti," mama yake alisema, akamshika mkono.

Nyumba sasa inapangishwa, na kodi yake inashuka kila mwezi. Ukuta wa chumba cha mtoto umezibwa. Visiki vimeng'olewa, ua ni mtupu, umefagiwa. Ila jua likifika utosini, katikati ya ua ule huanguka kivuli kipana chenye majani yanayocheza, na juu yake hakuna kitu. Wanaokuja kuiangalia nyumba hukimbilia hapo kukwepa joto. Husimama, hufuta jasho, halafu humwomba dalali apunguze kidogo.