Taa Ambazo Diem Alizihesabu

Kila adhuhuri, baada ya wali na samaki, wanafunzi wa darasa la 7B katika mji wa Quy Nhon walisogeza madawati, wakatandika mikeka na kulala kwa saa mbili, kama shule nzima.

Siku hiyo Diem hakupata hata lepe la usingizi. Kuanzia Jumatatu, wakati wa mapumziko hayo, shule ingezima taa, kompyuta na mashine za maji baridi. Kila darasa lilitakiwa kukadiria uniti za umeme zitakazookolewa shuleni kwa siku tano. Litakaloikaribia mita kuliko mengine ndilo litakalowasha sola mpya za paani mbele ya wazazi! Diem ndiye aliyepiga hesabu ya 7B: taa uniti thelathini na sita, kompyuta na mashine kumi na nne, jumla hamsini. Karatasi ingepelekwa ofisini kengele ikilia.

Alilala chali, akazihesabu taa za darini kwa raha zake. Moja, mbili, tatu... Akaketi ghafla. Zote zilikuwa zimezimwa! Zilizimwa kila adhuhuri; nani angelala na taa usoni?

"Loc! Amka, tumekosea!"

"Wee, acha kelele," alinong'ona Loc, jirani yake wa mkeka. "Nimeshawatambia 7A kwamba hamsini yetu haina mpinzani. Uso wangu niuweke wapi?"

"Uweke chini ya mkeka!"

Kengele ilipolia, Diem alisimama mbele ya wenzake. "Jamani, kosa ni langu. Nimehesabu taa ambazo saa hizi haziwaki. Zibaki kumi na nne tu."

Wenzake waliguna. 7A, walioandika arobaini na nane, walichungulia dirishani wakicheka, "Hamsini imenywea!" Uso ulimwiva Diem kwa aibu, lakini aliandika 14 kwa wino.

Wiki ya kuzima ilipokwisha, fundi umeme Khuong alilinganisha usomaji wa mita na ule wa wiki iliyotangulia.

"Zimeokolewa uniti," alisema, akivuta maneno makusudi, "kumi na tatu!"

7B waliruka, wakakumbatiana, wakamnyanyua Diem juu juu. Loc alipiga kelele kuliko wote: "Si niliwaambia?"

"Uliwaambia nini, wewe?" Mwalimu Thuc alicheka, akamwongoza Diem hadi kwenye swichi ya sola. "Wanangu, kabla ya kuhesabu mtakachookoa, tazameni kwanza mnachotumia. Na mkikosea, semeni kabla mita haijawasemea."