Mbuzi wa Posa

Belo la majaketi lilipofunguliwa Jumamosi ile asubuhi pale Memorial, soko la mitumba la Moshi, hakuna aliyekumbuka adabu. Wamama wazima walipigana viwiko. Katikati ya vurugu hiyo mkono mmoja ulidaka jaketi la bluu lenye manyoya shingoni, na mkono mwingine ukalidaka kwa upande wa pili.

"Kaka, achia. Nimelishika mimi kwanza."

"Wewe umeshika mkono tu, dada. Mimi nimeshika mwili."

"Achia bwana!"

"Achia wewe!"

Jaketi halikungoja hukumu. Mkono ukang'oka begani, kra! Wakabaki wanatazamana, kila mmoja na kipande chake.

Msichana alikuwa Victoria wa Kibosho, mrefu, mwenye gauni la kitenge cha njano alilolishona mwenyewe na msalaba mdogo wa fedha shingoni. Kijana alikuwa Shakiru wa Majengo, shati jeupe limepigwa pasi vizuri, ila kwenye kola palikuwa na tone la damu.

"Umeua mtu?" Victoria aliuliza, akiliangalia lile tone.

"Nimechinja ng'ombe. Mzee Sadallah mwenye bucha ni baba yangu. Machinjioni alfajiri kuna baridi ya kung'oa meno. Sasa umenichania jaketi, nitavaa nini?"

"Tumechana wote. Lete hapa, mimi ni fundi cherehani. Njoo Jumatatu."

Jumatatu alikuja, mkono umerudi mahali pake. Jumanne akaja tena, eti zipu imekwama. Alhamisi ilikwama tena. Zipu ile ilikuwa na ugonjwa wa ajabu: ikipona jioni, asubuhi inaugua. Wiki ya tatu Victoria aliweka mkasi chini akacheka.

"Shakiru, unaiharibu mwenyewe."

"Ningefanyaje, mpenzi? Nguo zangu nyingine zote ni nzima."

Ndivyo walivyopendana. Ilikuwa mwaka 2002, simu za mkononi zimeanza kupanda mlimani lakini vocha bado ni anasa, kwa hiyo penzi lao liliendeshwa kwa kubipu, unapiga na kukata kabla mwenzako hajapokea. Bipu moja, nimefika salama. Bipu mbili, nakupenda. Mwiko mkubwa ulikuwa kupokea, maana ukipokea umemlia mwenzako vocha.

Kuhusu dini walikubaliana mapema kuliko wengi: ndoa bomani, kila mtu na imani yake. Mzee Sadallah alikohoa kidogo, akasema binti ana heshima na hilo linamtosha. Mama Mektrida, mama yake Victoria, mjane mwenye kihamba, shamba la ukoo lenye kahawa na migomba, alisali rozari siku tatu, kisha akasema waje.

Kilichobaki ni Baba Mkubwa Wenseslaus.

Huyu ndiye aliyesimama badala ya marehemu baba yake Victoria. Si mtu mbaya, nawaambia mapema msije mkamchukia bure. Tatizo lake lilikuwa kanda. Alikuwa amenunua stendi kanda ya mihadhara, mhubiri anafoka kwamba wale wengine wanatudharau. Upande wa pili wa stendi ileile iliuzwa kanda nyingine ya wale wengine, inafoka maneno yaleyale, majina tu yamegeuzwa. Wenseslaus hakuvuka barabara kuisikiliza.

Sasa huku Kilimanjaro kuna jambo ambalo kila mtu analijua. Ukialika Waislamu, unamwita Mwislamu achinje, ili wote mle chungu kimoja. Hakuna aliyelitungia sheria. Mzee Sadallah mwenyewe alipanda mlimani kila Krismasi na kisu chake, akachinja mbuzi wa Wakatoliki, akarudi na kipande chake na shukrani. Lakini siku ya posa, jua halijapanda vizuri, Wenseslaus alishamchinja mbuzi mwenyewe.

"Baba Mkubwa!" Victoria alilia. "Tulisema wachinje wenyewe!"

"Kwani sisi hatuna mikono? Nyumbani kwangu niombe ruhusa ya kula mbuzi wangu?"

Simu ikaita mle jikoni. Shakiru hakubipu, alipiga kabisa.

"Vicky wangu, tuko njiani. Baba anauliza, aje na kisu?"

Victoria alimtazama mbuzi aliyekwisha kuchunwa. Angesema ukweli, pengine safari ingekatishwa hapohapo. Aliogopa.

"Msisumbuke, mpenzi. Kila kitu kiko tayari."

Wageni walifika wanang'aa. Mzee Sadallah alivaa kanzu na koti jeusi, Shangazi Raya baibui jipya na harufu ya udi, Shakiru suti ya kijivu. Mbege, pombe ya ndizi, ilikuwa kwa wenyeji, soda na chai kwa wageni. Wakaletewa mtori wa ndizi na nyama, wakausifu kabla hawajaugusa. Kisha Wenseslaus, kwa heshima zote za Kichagga, akamkabidhi Mzee Sadallah kidari cha mbuzi, kipande cha mgeni mkubwa.

Mzee alikata, akainua tonge. Victoria, aliyesimama mlangoni na jagi la maji, aliufungua mdomo akaufunga.

"Alichinja nani, nimpe mkono?" Shangazi Raya aliuliza kwa furaha. "Nyama imetulia!"

"Mimi," alisema Wenseslaus.

Tonge likarudi kwenye sahani. Mzee Sadallah alinawa vidole taratibu, na mtori wenye nyama ileile akausogeza kando.

"Haina neno, ndugu yangu. Sisi tutakula ndizi za kuchoma."

"Haina neno? Chakula chetu ni najisi?"

"Sijasema hivyo."

"Umesema kwa vidole! Ndivyo mlivyo! Dini yenu inawafundisha kutudharau!"

"Na yenu inawafundisha kulisha wageni kwa kificho?" Shangazi Raya akafoka, baibui limeteleza begani. Basi ikawa kelele tupu, kila mtu anamtetea Mungu kana kwamba Mungu kaomba msaada.

Nyuma ya migomba Shakiru alimshika Victoria mkono.

"Ulijua?"

Victoria akauchomoa mkono wake.

"Nilikupigia, Vicky. Nilikuuliza."

Aliyebanwa hupiga popote. "Mbuzi ni mbuzi, Shakiru! Dini yako ndiyo yenye matatizo!"

"Sawa. Na dini yako ndiyo iliyokufundisha kunidanganya?"

Wakaondoka hata chai hawajamaliza.

Wiki tatu simu ya Victoria haikulia. Alishona sare za shule akazishona kinyume, akafumua, akashona tena. Alijaribu kuichukia dini ya Shakiru ikashindikana, maana kila alipoitafuta alimkuta Shakiru mwenyewe, anacheka.

"Mama," alisema jioni moja wakimenya ndizi, "ni kweli dini zinaleta chuki?"

Mama Mektrida hakuacha kumenya. "Marehemu baba yako alikuwa mzee wa kanisa. Kila Krismasi alishuka mwenyewe mjini kumwita mchinjaji, jirani zetu Waislamu wasile ndizi kavu. Padri alikula, nao walikula. Sasa dini haijabadilika, mwanangu. Huyo mbuzi kachinjwa kwa kiburi cha shemeji yangu, akapikwa kwa uongo wako. Mungu hakuwepo jikoni."

Victoria alilia, kisu mkononi.

"Nimewakosea, mama."

"Basi twende tukakate isale."

Isale ni lile jani refu la kijani linalopandwa mipakani mwa vihamba. Mchagga akikukosea akakuletea isale lililofungwa fundo, huwezi kukataa kusamehe, hata kama roho bado inachemka. Kulikataa ni kutafuta laana.

Kesho yake wakaingia buchani Majengo, wateja wamejaa. Mama Mektrida alitangulia, Victoria nyuma yake na kitenge kilekile cha njano. Shakiru alikuwa anakata mbavu, kavaa jaketi la bluu. Shoka likaishia hewani.

"Shikamoo, mzee," Victoria alipiga goti, akanyoosha jani kwa mikono miwili. "Mkosaji si Baba Mkubwa peke yake. Mimi nilijua, nikanyamaza. Ningewaacha mle. Naomba mnisamehe."

Wateja wakageuka. Mzee Sadallah alilitazama lile jani muda mrefu.

"Unajua mama yangu alikuwa Mchagga wa Machame?" alisema. "Hili hairuhusiwi kulikataa." Akalipokea, akalitundika kwenye ndoano, katikati ya mapaja ya ng'ombe. Halafu akashusha sauti. "Na nikwambie siri, binti yangu. Yule mbuzi alinukia! Wiki tatu hizi namwota."

Wateja wakaangua kicheko. Mama Mektrida alicheka mpaka akajifuta machozi kwa ncha ya kanga.

Shakiru hakucheka. Victoria akamsogelea.

"Uliponiuliza, niliogopa kukukosa," alisema. "Nikakukosa hivyohivyo. Dini yako haina kosa, Shakiru. Mimi ndiye mwenye kosa."

"Na mimi niliitukana yako." Aliangalia sakafu. "Vicky."

"Bee."

"Zipu imekwama tena."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile."

Safari ya pili ya posa mbuzi alikuwa hai, anakula majani ya mgomba. Wenseslaus alikuja kanuna. Mama Mektrida alikuwa amemwambia neno moja tu: kihamba hiki ni cha mume wangu, na mbuzi ni wangu. Wenseslaus akakaa pembeni na mbege yake, akaiangalia kahawa kama hajawahi kuiona.

Mzee Sadallah alivua koti, akachomoa kisu chake cha Krismasi. Akamshika mbuzi pembe, mbuzi akamburuta hatua mbili.

"Baba Mkubwa," aliita, "nishikie miguu. Nimezeeka, peke yangu siwezi."

Uongo mtupu. Yule mzee huangusha madume ya ng'ombe. Lakini Wenseslaus aliweka kibuyu chini, akakunja mikono ya shati, akaja. Mmoja alishika miguu, mwingine akataja jina la Mungu wake, na kazi ikaisha. Walichuna pamoja, wakabishana namna ya kukata kidari, na Wenseslaus ndiye aliyekileta mbele ya mgeni kwa mikono miwili.

Mzee Sadallah akainua tonge. Uwanja mzima ukamgeukia. Akatafuna. Akameza.

"Chumvi imepungua," alisema.

"Nilijua utasema!" Wenseslaus akafoka, na ghafla akacheka, kicheko kikubwa cha mtu aliyetua mzigo. Shangazi Raya akapiga vigelegele. Mama Mektrida alijiinamia akanong'ona, "Asante Mungu," na hakuna aliyeuliza ni yupi.

Simu ikatetemeka mfukoni mwa Shakiru. Bipu moja. Ikakatika. Ikaja ya pili, na Shakiru, kwa makusudi, akapokea.

"Shakiru!" Sauti ya Victoria ilitoka jikoni na kwenye simu kwa pamoja. "Umenilia vocha!"

"Najua, mpenzi. Wazee wameshiba, wananiangalia. Nataka kulisikia kwa sauti yako, si kwa bipu. Utaolewa na mimi?"

Vocha ikazidi kuliwa. Kisha Victoria akatoka mlangoni, simu sikioni, viganja vimejaa unga, akamtazama usoni.

"Ndiyo," alisema. "Na jaketi ulete Jumatatu. Hiyo zipu naitoa, naweka vifungo."