Shehena ya Vidonge vya Moyo

"Usipige risasi. Narudia, usipige mpaka gari ipite Rugaaga."

Sauti ya Afande Musoni ilikwaruza kwenye redio ya Motorola, kisha ikakatika.

Yayeri akakoleza mafuta. Pikipiki ya Yamaha ikanguruma, ikaruka tuta, ikatua ndani ya vumbi la Hilux nyeupe. Mita mia mbili. Mia na hamsini.

Saa nne asubuhi. Mpaka wa Tanzania haukuwa mbali.

Kwa wiki tatu Yayeri, jasusi wa jeshi, alikuwa amevaa koti la muuguzi huko Juru, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, Uganda, ambako madaktari wa Mbarara walikuwa wakifanya utafiti wa kutibu moyo uliochoka. Mwanzoni wagonjwa walipata nafuu. Ghafla wakaanza kuvimba. Wawili wakafa. Yayeri alipekua kila faili asione kitu, mpaka Nabintu, mkulima wa maharage kutoka Kivu ya Kusini, alipomshika mkono.

"Dada, dawa ya mbele ilikuwa inanikimbiza ku choo mara mingi," alisema akihema. "Hii ya sasa, hapana. Maji inabaki mu miguu. Banatupatia chokaa, weye!"

Alisema kweli. Kabanda, mtunza stoo wa utafiti, alikuwa akibadilisha vidonge na kuvusha vya kweli kwa magendo. Asubuhi hii alikuwa ameondoka na shehena ya mwisho. Na asubuhi hii Nabintu hakuweza tena kulala chali. Mapafu yalikuwa yanajaa maji. Stoo nzima ilikuwa chokaa, na gari la wagonjwa lilikuwa Mbarara likingoja tairi.

Hilux ikakata kona ya Rugaaga.

Ng'ombe!

Kundi zima la pembe ndefu lilikuwa limetanda barabarani. Breki zikalia. Kabla vumbi halijatua, bastola ya Yayeri, Makarov, ilikuwa dirishani.

"Mikono juu."

Kabanda akatabasamu. "Sista, wewe umechelewa. Hii yote chokaa, mimi naenda kutupa. Ile ya ukweli ilienda jana."

Yayeri akatazama makasha. Makopo yale yale, lebo zile zile. Akimpelekea Nabintu chokaa, atakuwa amemzika.

Akafungua kopo. Akatoa vidonge viwili.

"Kama ni chokaa, haitakudhuru. Meza."

Kabanda aliitazama bastola. Akameza.

Yayeri akamfunga pingu kwenye kiti, akawaachia wachunga ng'ombe pikipiki, akageuza gari.

"Mwewe, ripoti!" redio ikafoka, ikimwita kwa jina lake la siri.

"Nimemkamata. Narudi Juru."

"Hapana! Ushahidi ulete Mbarara. Hiyo ni amri!"

"Mbarara itangoja, Afande."

Akazima.

Barabara ilikuwa mawe na mashimo matupu. Yayeri alimtupia Kabanda jicho kila dakika. Hakuna kitu. Kilomita kumi, bado hakuna kitu. Je, kama alikuwa anasema kweli?

Mahindi ya kwanza ya Juru yalipotokea, Kabanda alianza kubana magoti.

"Sista... simamisha gari."

"Kwa nini?"

"Simama, nakuomba! Mkojo!"

Kwa mara ya kwanza tangu aingie kambini, Yayeri alicheka. Akakanyaga mafuta hadi mwisho.

Daktari Shanitah alikuwa mlangoni mwa zahanati.

"Ni za kweli," Yayeri alisema, akimrushia kopo.

Daktari akaitazama suruali ya Kabanda iliyolowa. Akafungua kopo, akakimbilia kitanda cha Nabintu.

Alasiri hiyo Nabintu alitoka chooni kwa mara ya nne, ameshikwa na bintiye Grâce. Alikuwa bado dhaifu, lakini aliweza kusema sentensi nzima bila kukatika pumzi.

"Aksanti, dada. Lakini weye si muuguzi. Sindano yako inauma sana!"

Wanajeshi walipofika kuchukua mtu na makasha, Afande Musoni mwenyewe alishuka, uso umekunjamana.

"Wewe umekataa amri yangu. Mimi naandika nini?"

"Andika mgonjwa yuko hai, Afande."

Yayeri akavua koti jeupe, akalitundika mlangoni, akatoka barabarani kutafuta bodaboda ya kumpeleka Rugaaga. Pikipiki ya serikali hailali kwa wachunga ng'ombe.