Asubuhi Bila Miwani

Fundi umeme wa mtaani kwetu alikuwa haoni mbali hata kidogo. Bila miwani, mtu na mlango kwake vilikuwa mamoja. Lakini tangu afiwe na mkewe, kila asubuhi alichelewa kuivaa makusudi, maana pembeni mwa kitanda palikaa kitu kama ukungu, umbo la mwanamke. Akivaa miwani, hayupo. Akiivua, huyo. Basi humsalimia, humsimulia ya moyoni. Hiyo ndiyo faraja aliyobaki nayo.

Siku miwani ilipomdondoka akiwa juu ya nguzo, akaponea chupuchupu, dada yake alimjia juu.

"Unataka nikuzike na wewe? Nenda kwenye leza, wakakutibu macho."

Akaenda. Moyoni alikuwa na lake: auone tena uso wa mkewe.

Daktari alimweleza taratibu. "Nakutia matone ya ganzi, hutasikia maumivu. Nafunua utando mwembamba wa juu ya jicho, mwanga wa leza unachonga konea, kile kioo cha mbele ya jicho, ikae sawa, halafu naurudisha. Kazi yako ni kutazama taa ya kijani tu."

Kweli hakusikia kitu. Harufu tu, kama nywele zilizoungua.

Kesho yake alifumbua macho. Aliona hadi ufa wa darini. Akageuza shingo.

Alikuwepo. Gauni lilikuwa la mkewe. Uso haukuwa wake. Mwanamke asiyemjua, mkavu, hapepesi.

"Endelea," akanong'ona. "Uliishia wapi jana?"

Fundi alingoja aogope. Woga haukuja. Ganzi ya jicho ilikwisha siku ileile. Hii nyingine ilikuwa imekaa kifuani, imetulia. Siri zake zote alikuwa amempa mgeni.

Akahamia kwa dada yake. Mchana mmoja wamekaa sebuleni, dada akavua miwani yake aifute, maana naye haoni mbali, macho hayo ni ya ukoo. Akasita. Machozi yakamlenga.

"Mdogo wangu," akasema polepole, "pale kwenye kiti... si wifi yangu yule?"

Fundi akatazama. Aliona vizuri mno. Yule mwanamke aliweka kidole mdomoni.

"Ndiye, dada," akasema. "Msalimie."

Dada akamsalimia, akaanza kumsimulia.

Mto wa kiti kile una joto la mtu mpaka leo. Nimeugusa mwenyewe.